Mama Rudia na Karatasi za Tabia

Nianze na ukweli: nilikuwa simpendi. Miaka sita nimeshona kola katika kiwanda kile cha sare, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyenitoa jasho kama mkaguzi wetu, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, ambaye kiti chake kilikuwa mwisho wa safu, chini ya dirisha kubwa, penye mwanga kuliko pote. Kila shati lililotoka mikononi mwetu lilimalizikia kwake. Alilitandaza mezani, akaligeuza nje ndani, akavuta mishono kwa vidole gumba viwili. Likiwa zuri alilitia nukta ndogo ya chaki ya buluu kwenye pindo la chini, likaenda kupigwa pasi. Likiwa baya alizungushia kosa duara, akamrudishia mwenye kosa, na neno lake lilikuwa moja tu.

"Rudia."

Basi akaitwa Mama Rudia. Mbele yake tulimwita Mama, nyuma yake tukaongeza lililobaki. Si kwamba alikuwa mgomvi. Afadhali angegomba, mtu ungejibu. Yeye alisema rudia, akahamishia pipi ya mnanaa shavu la pili, akavuta shati jingine. Pipi hizo hazikumtoka kinywani kutwa nzima. Sisi tulisema anazila asije akasinzia. Vifungo, mshona vifungo wetu, ambaye kwa kweli alichekesha watu kuliko alivyoshona, alisema anazila ili roho yake nayo ionje kitu kitamu.

Mimi kinyongo changu kilikuwa na tarehe. Siku hiyo dada yangu alikuwa anafika kutoka mbali, sijamwona mwaka mzima. Nilimaliza kola zangu mapema, nikanawa uso, nikavua kandambili na kuvaa viatu vya kutokea. Mama Rudia akaja na kola arobaini na nane, zote zimetiwa duara. Ncha ya kushoto ilikuwa imezidi ya kulia kwa upana wa punje ya mchele. Nikamwuliza kuna mwalimu gani duniani atakayesimama kupima kola ya mwanafunzi kwa punje ya mchele. Akatazama viatu vyangu, akatazama kola, akasema, "Rudia, mwanangu." Dada yangu alinisubiri kituoni saa mbili nzima amekalia sanduku lake. Tangu siku hiyo nikawa nasubiri zamu yangu.

Nyumbani kwake nilifika mara moja tu. Alikuwa anaumwa, na kiwanda kikanituma nimpelekee barua ya ruhusa. Waliishi ghorofa ya tatu, yeye na mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, mzee mwenye maneno kuliko redio. Nilitegemea kumkuta mama akimrudisha mumewe afagie upya. Wapi! Mzee ndiye aliyekuwa akisema, mama anaitikia. Mama alitaka kunichemshia chai lakini sufuria ndogo ilikuwa jikoni na mboga. Akatoka, akasimama mbele ya mlango wa jirani, akarudi, akatoka tena, ndipo akabisha. Nikamsikia akisema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Samahani jirani, naomba kuazima ile sufuria." Jirani akamkabidhi, akamwambia asikawie kuirudisha. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia sufuria ile ni yao wenyewe, jirani aliiomba miaka miwili iliyopita kwa siku moja, na tangu hapo mke wake huiazima kila akiihitaji. Mama akatazama sakafu, akasema, "Nitamwambia siku moja." Tulipokwisha kunywa chai aliiosha, akairudisha kwa jirani.

Habari hiyo niliifikisha kiwandani kesho yake asubuhi, moto moto. Hakuna aliyeniamini. Vifungo alisema natia chumvi, na kwamba Mama Rudia akibisha mlango wa mtu, mlango wenyewe hurekebisha bawaba.

Sasa nije kwenye mkasa wenyewe. Meneja wetu si mtu mbaya. Kosa lake ni kwamba akienda semina yeye, tunaougua ni sisi. Semina ya kwanza ilituletea mazoezi ya shingo. Ya pili ilituletea sanduku la maoni, ambalo ufunguo wake ulipotea kabla halijapata hata oni moja. Ya tatu ilimleta mtaalamu wa tabia.

Alikuwa kijana nadhifu, koti zuri, viatu vinang'aa, na alimtazama mtu kama anayesoma bango lililobandikwa nyuma ya kichwa chake. Alituambia binadamu wote, toka dunia iumbwe, ni wa aina nne. Kuna Moto, anayeongoza. Kuna Nguzo, anayetegemewa. Kuna Mto, anayepita kwa amani, hapendi ugomvi, na kumwambia mtu kosa lake kwake ni mlima. Na kuna Kioo, anayeona kila dosari na kuisema. Mtu akijulikana aina yake, atawekwa kwenye kazi inayomfaa, na kiwanda kitakwenda chenyewe. Mimi nilisikia hayo nikakumbuka msemo wa wazee, kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini nani aniulize mimi, mshona kola.

Tukagawiwa karatasi, kila moja imeshaandikwa jina. Maswali sitini, na mbele ya kila swali visanduku vitatu vya kutia tiki: kamwe, mara nyingine, siku zote. Meneja akasema tujibu kwa ukweli mtupu, na atakayefanyia mchezo kazi hii ajue ameaga kazi. Kisha yeye na mtaalamu wakaenda ofisini, wakatuachia muda mpaka chakula cha mchana.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Kiwandani kwetu hakuna mtu anayeshona shati. Mmoja hushona kola, mwingine mikono, mwingine mifuko, mwingine pindo, na fungu la nguo hupita mkono kwa mkono mpaka kwa mkaguzi. Mimi tangu niingie pale sijawahi kuunganisha mkono wa shati. Ukiniambia leo nishone shati zima, utapata kitu cha kufunikia cherehani. Ndivyo mikono yetu ilivyozoea, na mikono ikizoea haimwulizi mtu.

Mshona mifuko akasoma swali la kwanza, la pili, la tatu, akapiga miayo. Akauliza kama kweli kila mtu atasoma sitini wakati kila mtu anaweza kusoma kumi. Hakuna aliyepanga. Ghafla karatasi zote thelathini na mbili zilikuwa zimewekwa mafungu na zinatembea. Watu sita wakachukua maswali, kila mmoja kumi yake. Mimi nikapata ishirini na moja mpaka thelathini. Mpanga saizi, mtu makini, akatuonya kwamba zikitoka zote sawa tutashikwa, kwa hiyo tuzifanye kama mashati: hizi ndogo, hizi za kati, hizi kubwa. Basi kamwe ikawa ndogo, mara nyingine ikawa ya kati, siku zote ikawa kubwa. Vifungo hakushika kalamu kabisa. Yeye alikaa juu ya meza akituimbia.

Na mwisho wa safu alikaa nani? Mama Rudia. Zilipomfikia alizikagua moja moja, kwa sababu kitu kikimfikia yeye hukaguliwa. Mbili alizirudisha, moja ina tiki mbili kwenye swali moja, nyingine swali la arobaini na tatu limerukwa. Zilizobaki alizitia nukta ya chaki ya buluu kona ya chini kulia. Yeye pia mikono yake ilizoea.

Sasa niungame. Maswali yangu kumi yote yalihusu kuwaambia watu ukweli. Karatasi nyingine nilizijaza kwa saizi kama tulivyoagizwa. Lakini ilipokuja yenye jina lake, nikaona zamu yangu imefika. Palipoandikwa "Huogopa kumwambia mtu kosa lake," nikatia tiki siku zote. "Tumbo huniuma kabla ya kumkosoa mtu," siku zote. "Afadhali nipoteze changu kuliko kukidai," siku zote. Nikakumbuka ile sufuria, nikacheka peke yangu, nikapitisha karatasi kwa aliyefuata.

Wiki iliyofuata tulikusanywa ukumbi wa kulia chakula tusomewe majibu. Nilijua tutafedheheka. Badala yake nikaona ajabu ya mwaka. Mtaalamu aliposema fulani ni Moto, huyo fulani alikaa wima. Fulani ni Mto, akalegeza mabega, akasema hata mama yake humwambia hivyo. Karatasi ambazo hakuna mtu aliyejaza yake, na kila mtu alijiona ndani yake. Alipofika kwa Vifungo alisoma, "Kioo. Una jicho kali. Watu hawajui jinsi unavyoumia ukiona kazi mbaya." Vifungo huyu aliwahi kukishona kifungo cha shati pamoja na mkono wa shati lake mwenyewe, akatembea na sare ya mlinzi ikining'inia mpaka chooni. Aliinamisha kichwa. "Ni kweli," akasema polepole. "Naumia sana."

Wala mimi nisijitie mwema. Niliambiwa mimi ni Nguzo, watu huniegemea bila mimi kujua. Ni kilemba cha ukoka, nilijua nani amekisuka, na bado nilikivaa mpaka nyumbani. Nikamwambia dada yangu, ambaye tangu aje hajaondoka, kwamba mimi ni nguzo. Akaniuliza nguzo ya nini, kwa sababu vyombo vya jana bado viko kwenye karai.

Mama Rudia alitoka Mto. Mtaalamu alisoma kwamba huyu ni mtu wa amani, anayeogopa kuwaambia wengine makosa yao. Watu waliziba midomo kwa viganja, mshona mifuko alijifanya anapiga chafya. Yeye hakucheka. Alikuwa ameweka mkono tumboni, akageuka akanitazama mimi, mimi peke yangu kati ya watu wote wale, kwa uso laini ambao sikuwahi kuuona kwake. Nikatazama dari.

Jumatatu meneja akatangaza mabadiliko. Mtu wa aina ya Mto kumkalisha kiti cha ukaguzi ni kumtesa, alisema, na kiwanda kinaomba radhi kwa kumtesa miaka ishirini na saba. Mama atahamia mapokezi, apokee wageni. Kiti chake atakaa Vifungo. Mama Rudia alisimama, akafungua kinywa, akatutazama, akakifunga. Angesema nini? Angesema karatasi si zetu, na wote thelathini na wawili tungeaga. Alichukua chaki yake, akaifunga kwenye karatasi ya pipi, akaitia mkobani, akaenda. Sisi tulitazama vidole vya miguu yetu.

Nisiseme uongo, wiki ya kwanza ilikuwa raha. Vifungo alikuwa mkaguzi anayependa watu. Nukta za buluu zilimwagika hata kwa nguo ambazo hazijafika. Hakuna duara, hakuna rudia, na ncha za kola zangu zikawa zinakwenda zinakotaka. Ila nikipita mapokezi kwenda kunywa maji namkuta mama amekaa nyuma ya kitabu cha wageni na ua la plastiki, mikono imelala mezani haina kazi. Alikuwa amenyoosha kitambaa cha meza mpaka kikawa hakina pa kunyooshwa tena. Hata pipi alikuwa ameacha kula.

Wiki ya tatu akaingia muuguzi mkuu wa hospitali iliyotuagiza makoti mia sita ya wauguzi. Alikuja na magunia mawili, akayamwaga kwenye meza ya mapokezi mpaka ua la plastiki likafunikwa. Mifuko ilikuwa imefumuka, makwapa yameachia. Alimwambia meneja, mbele yetu sote tuliokuwa tumejazana mlangoni, kwamba muuguzi huweka mkasi mfukoni, na kwamba juzi mfuko umeachia, mkasi umeanguka kitandani kando ya kichwa cha mtoto mchanga. Hakupandisha sauti.

Kabla meneja hajaomba radhi, Mama Rudia akafungua mkoba. Akatoa chaki, akavuta koti la kwanza, akaligeuza nje ndani. Hakuna aliyemwomba. Kwa muda usiofika saa moja makoti yote yalikuwa yamelala mafungu mawili, na lile kubwa lilijaa maduara ya buluu. Muuguzi mkuu alisimama akimtazama mpaka mwisho. Akasema atarudi Ijumaa, na akikuta mzigo uliobaki haujakaguliwa na mtu anayejua kazi, atapeleka kwingine.

Wewe na mimi tungemrudisha mama kwenye kiti chake saa ile ile. Lakini meneja alikuwa ameshawaandikia wenye kiwanda ripoti ya kurasa tisa kuusifu mpango wake, na maji yakimwagika hayazoleki. Akampigia simu mtaalamu. Mtaalamu akasema pengine mama alijaza harakaharaka, na dawa ni kumpima upya, peke yake, chumbani, bila haraka. Akitoka Kioo, kiti ni chake. Habari zilipotufikia, kiwanda kizima kilishusha pumzi, na mimi nikashusha mbili. Nani asiyejua kwamba Mama Rudia akijaza mwenyewe atatoka Kioo? Dhambi yangu itafutika na hakuna atakayeijua.

Akakaa ofisini saa moja na robo na karatasi yake. Mchana mtaalamu akatoka, uso unameremeta. Mto. Mto kuliko mara ya kwanza. Akasema kipimo chake hakidanganyi. Meneja, akitazama kiatu chake, akasema basi ataajiriwa Kioo kutoka nje, na kwa kuwa meza ya mapokezi itafutwa mwisho wa mwezi, mama atapata nafasi ya kupumzika nyumbani.

Nilimfuata kwenye bomba la nyuma, alikokuwa akiosha kikombe chake. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ikitoka haichagui mkubwa wala mdogo.

"Mama, kwa nini umejaza vile?"

"Nimejaza ukweli. Si tumeambiwa tujaze ukweli?"

"Ukweli gani? Wewe unaogopa kumwambia mtu kosa lake? Wewe uliyenirudishia kola arobaini na nane nimeshavaa viatu?"

Akafunga bomba. "Siku ile nilitapika," akasema. "Nilipita kwenye cherehani yako mara tatu nikaona umevaa viatu. Nikaenda chooni, nikatapika, nikanawa, ndipo nikaja."

Sikuelewa, na nadhani alinionea huruma kwa kutoelewa kwangu. Akaniambia pipi za mnanaa ni za tumbo. Kila rudia, miaka ishirini na saba, tumbo humkata kwanza. Asubuhi akipanda ngazi za kiwanda huomba Mungu nguo zote ziwe nzuri, asiwe na la kusema. Na haziwi.

"Sasa kama unaogopa hivyo, kwa nini unasema?"

"Kwa sababu kola ilikuwa imepinda, mwanangu."

Alikung'uta kikombe. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso hupata moto. Alisema zile tiki zangu aliziona siku ile ile. Karatasi zote zilipita mkononi kwake, na yake pia, na kila mtu ana mkono wake wa kutia tiki kama alivyo na mkono wake wa kushona. "Nikajua hizi ni za Kola," akasema, jina langu la kiwandani. "Nikasema, kumbe hapa ndani kuna mmoja amenijua. Nilifurahi. Nikatia nukta."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku suruali ilipopasuka msibani. Nilimtupia jiwe, akaliokota akidhani ni zawadi, akaliweka kifuani mwezi mzima. Ningeweza kunyamaza na kuendelea kuwa mtu aliyemjua. Kiti chake kingekwenda, na mimi ningebaki na kinyongo changu kilichokwisha kulipwa kupita kiasi. Nikamwambia. Nikamwambia zile tiki zilikuwa za kumcheka. Alikigeuza kikombe, akaanza kukiosha upya. Sikungoja akimalize, nikaenda ofisini.

Meneja na mtaalamu walikuwa wanakunywa chai. Nikawaeleza yote: mafungu, maswali kumi kumi, saizi ndogo na kubwa, na karatasi ya mama. Meneja akaniambia nisimletee porojo za kumtetea mtu. Nikamwambia atoe karatasi zote na atazame kona ya chini kulia. Akatoa. Akaweka ya kwanza mezani, ya pili, ya tatu. Nukta ya buluu, nukta ya buluu, nukta ya buluu. Ile nukta alikuwa ameiona kwenye kila shati tangu alipopata kazi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Zimekaguliwa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeota.

Mtaalamu alikuwa amebadilika rangi, lakini hakuwa mjinga. Akasema vyema, hizo thelathini na mbili zitupwe. Lakini ya leo mama ameijaza mwenyewe, peke yake, na bado ni Mto. Huyo ni mwoga wa kukosoa, na mwoga hakai kiti cha ukaguzi. Hapo alinishika pabaya, kwa sababu ni kweli na nilijua ni kweli.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Rudia alikuwa amesimama pale na kikombe chake, sijui tangu saa ngapi. Akaingia, akakiweka kikombe mezani. Mkono mmoja tumboni, nikaiona ile pipi ikihama shavu.

"Karatasi iliniuliza naogopa nini, nikajibu," akamwambia mtaalamu. "Haikuniuliza nikishaogopa nafanya nini."

Akasogea, akamshika mkono wa koti lake lile zuri, akaugeuza nje ndani. Akazungushia duara la buluu.

"Samahani, baba. Pindo limeachia, na uzi waliotumia si wa koti. Mwambie fundi wako arudie."

Mtaalamu alitazama mkono wake. Meneja naye alitazama, kisha akatazama karatasi zake thelathini na mbili, kisha dirisha. Akaniuliza kama najua nimeaga. Nikasema najua. Akasema basi niage baada ya makoti ya hospitali kwisha, kwa sababu kola hazina mtu, na tangu siku hiyo hajanikumbusha. Vifungo alirudi kwenye vifungo akiwa na furaha kuliko wote. Alisema ukaguzi ulikuwa unamwumiza sana.

Siku tatu tulifumua na kushona. Muuguzi mkuu alikuja Ijumaa, akavuta mifuko kwa vidole vyake mwenyewe, akachukua mzigo. Katika siku hizo Mama Rudia alinirudishia kola ishirini na sita. Kila mara nilimwona akijiandaa, akimeza mate, akihamisha pipi. Nilikuwa nainuka kumpokea kabla hajafika, ili njia iwe fupi. Kuhusu yale tuliyosema bombani hakutia neno, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi nikapanda ghorofa ya tatu. Sikubisha kwake, nilibisha kwa jirani. Mimi tumbo haliniumi, Mungu alininyima hilo. Nikamwambia shikamoo, nimekuja kuchukua sufuria ya mama wa mlango wa pili. Akashangaa. Akasema yeye alidhani mama yule hajali, maana si mtu wa maneno, na watu wasio na maneno huwa hawajali. Nikamwambia hata mimi nilidhani namjua. Akaileta.

Mama Rudia alifungua mlango, akaiona mikononi mwangu. Mzee kutoka ndani aliuliza ni nani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza chini juu, akapitisha kidole gumba ukingoni, pole pole, pande zote. Macho yalimjaa maji, akayafuta kwa mgongo wa mkono. Kisha nikaona mkono ule unashuka tumboni.

"Mwanangu," akasema, na akameza mate. "Ilikuwa na kifuniko."

Nikageuka, nikarudi kwa jirani.